Mbalamwezi na Taa za Wavuvi: Je, Asiyeweza Amejizuia?

Ndugu walimu, wengi wetu tumewahi kusimama usiku wa giza juu ya vilima vinavyolitazama Ziwa Tanganyika, ama upande wa Burundi, ama ng'ambo ya Uvira, ama kule Kigoma. Mgeni aliyefika mara ya kwanza hudhani kwamba mbele yake pana mji mkubwa ambao hakuonyeshwa mchana. Taa zimejipanga safu kwa safu juu ya maji, nyingine zimetulia, nyingine zasogea polepole, na kukipambazuka mji wote umetoweka. Hao ni wavuvi wa ndagala. Kwa sababu ya taa zao tumependa kuwaletea wenzetu swali ambalo limetusumbua kwa muda mrefu, nalo si swali la uvuvi peke yake: mtu aliyejizuia na jambo kwa kuwa hana uwezo wa kulitenda, je, tumhesabu kuwa ametenda wema?

Yafaa kwanza tuieleze kazi yenyewe, maana wale wanaofundisha mbali na ziwa humjua ndagala akiwa amekwisha kauka, yumo katika gunia, na harufu yake imemtangulia sokoni. Jina hili la ndagala, ambalo kule Kigoma ni dagaa, limekusanya aina mbili za samaki wadogo wanaokwenda makundi makundi. Ile iliyo ndogo zaidi haipiti urefu wa kidole, na umri wake ni mwaka mmoja na kitu tu. Mchana huzama kilindini, ambako si rahisi kuonekana na mukeke na samaki wengine wenye kuwala. Jua likitua hupanda juu wakifuata vijidudu vya majini, ambavyo ndivyo chakula chao. Nao wana tabia nyingine, ambayo ndiyo iliyowaponza: wakiona mwanga mmoja katikati ya giza huukusanyikia na kuuzunguka. Mvuvi hutundika taa yake, akangoja kwa saa nyingi bila ya kelele, kisha wavu huinuliwa kutoka chini yao. Zamani taa ilikuwa ni moto wa kuni uliowashwa katika omo ya mtumbwi, na chombo cha kuvulia kilikuwa lusenga, yaani wavu wenye mpini mrefu, mfano wa upawa mkubwa. Katika miaka ya 1950 zikaenea karabai, zile taa za mafuta zinazopigwa pampu, na zikaja nyavu kubwa zinazoshushwa kati ya mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa boriti. Wakati huohuo meli za chuma za matajiri, wengi wao Wayunani, zikaanza kuvua kutoka Bujumbura kwa nyavu za kuzungushia. Meli hizo zilipungua sana upande wa kaskazini ilipofika mwanzo wa miaka ya 1990, lakini mitumbwi imezidi kuongezeka.

Hatuwezi kuwa walimu wa lugha tukayapita majina bila ya kuyagusa. Wenzetu wa Uganda watasema mukene, na wa Kenya watasema omena. Huyo ni samaki wa Ziwa Viktoria, wa ukoo mwingine kabisa, ingawa naye huvuliwa kwa taa na hukaangwa kwa kitunguu vilevile. Bali sambaza wa Ziwa Kivu ni ndugu wa damu: ni mmoja wa aina zile mbili za Tanganyika, aliyechukuliwa akapandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtu wa Bukavu au wa Gisenyi alaye sambaza anakula mhamiaji, na taa za wavuvi zimemfuata mhamiaji huyo mpaka ugenini.

Sasa tufike kwenye mwezi. Mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, ndagala hawana haja ya kuikimbilia taa ya mtu. Karabai usiku wa mwezi mpevu ni kama mshumaa uliowashwa adhuhuri. Kwa hiyo tangu zamani, kila mwezi unapokaribia kupevuka, mitumbwi huvutwa mchangani ikakaa yapata juma moja, pengine zaidi, mpaka mwezi uanze kuchelewa kuchomoza na giza lirudi. Siku hizo nyavu hushonwa, mbao zilizoachana huzibwa, posa hupelekwa, kesi za wazee huamuliwa. Sisi tuliofundisha katika shule za mwambao tuliijua kalenda hiyo hata bila ya kutazama mbingu. Tuliisoma katika daftari la mahudhurio. Juma la mbalamwezi madawati yalijaa, na watoto wa wavuvi waliitika majina yao kwa sauti. Majuma ya giza baadhi yao hawakufika, na waliofika walilala.

Kwa miaka mingi tulilisifu jambo hili darasani. Tuliwapa wanafunzi insha juu ya hekima ya wahenga, na ndani ya insha hizo, kama ilivyo katika hotuba nyingi za mikutano, wazee walikuwa daima watu waliolihurumia ziwa, wakalipumzisha kila mwezi ili samaki wapate kuzaana. Tulizisahihisha herufi na ngeli, tukaweka alama nzuri, wala hatukujiuliza kama yaliyosemwa ni kweli.

Waama, je, wazee walilipumzisha ziwa, au walishindwa na mwezi? Sote tunaikumbuka hadithi ya yule sungura aliyerukia tunda asilifikie, akaenda zake akisema kwamba halijaiva. Hatujapata kumsikia mwalimu akimsifu sungura yule kwa kiasi. Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1785, alitoa mfano wa mwenye duka asiyempunja mtoto mdogo aliyetumwa dukani. Akauliza: hampunji kwa kuwa kupunja ni kubaya, au kwa kuwa habari zikienea atapoteza wateja? Ikiwa ni hili la pili, tendo ni sawa lakini sifa haipo. Na mvuvi wa lusenga hata hakufika kwenye mizani ya mwenye duka huyu, kwa sababu mwenye duka alikuwa na uwezo wa kupunja akaacha, ilhali mvuvi hakuwa na la kuacha.

Hapo yamkini mtu akatujibu kwa maneno ya Aristotle, aliyefundisha kwamba tabia njema haiingii kwa mafundisho matupu bali kwa kutenda na kurudia kutenda, kama ajengaye avyokuwa mjenzi kwa kujenga. Mtoto haibi sukari kwa kuwa kopo limewekwa juu. Mwaka wa kwanza ni kopo linalomzuia. Mwaka wa tano huenda amekwisha zoea chai isiyo na sukari nyingi, na hata akirefuka hanyoshi mkono. Twalikubali jibu hili kwa nusu, maana sote tunawajua watoto wa namna hiyo, na tunawajua pia wale waliokuwa wakihesabu miaka mpaka mkono ufike. Jambo lililo wazi ni kwamba hatuwezi kumpambanua mmoja na mwingine wakati kopo lingali juu.

Na leo mkono umefika. Katika miaka hii ya karibuni zimeingia taa ndogo za umeme wa betri, nyingine zikijazwa kwa jua, ambazo hazili mafuta ya taa, hazizimwi na mvua, na mwanga wake ni mkali kuliko karabai. Nyingine hushushwa hata ndani ya maji. Mvuvi aliyekuwa na taa moja sasa ana nne au zaidi. Tumewaona wanaotoka hata mwezi ukiwa umebakiwa na siku mbili kupevuka. Hawapati sana, lakini hawarudi watupu.

Tena ziwa hili si lile la zamani. Kina chake ni kiasi cha mita 1,470, na hakuna ziwa la Afrika linalolishinda kwa kina. Lakini hewa ambayo samaki huivuta haipatikani ila katika tabaka la juu, na rutuba imelala chini. Upepo wa kiangazi ndio huyatikisa maji na kuipandisha sehemu ya rutuba hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu yamepata joto, mchanganyiko huo umepungua, na chakula cha kwanza cha viumbe vya ziwani kimepungua kwa kadiri ya asilimia 20. Basi hata kama kila mvuvi angevua kama babu yake, asingepata kama babu yake. Kuyasema haya ni lazima, kwa sababu kuna desturi mbaya ya kumtwisha mvuvi maskini lawama za mambo ambayo chanzo chake kiko mbali, katika viwanda na magari ya watu ambao hawajapata kumwona ndagala.

Tulikuwa bado hatujayafikiri yote haya siku ile tulipomwita shuleni mzazi mmoja. Mwanawe alikuwa hodari wa insha kuliko wenzake wote, lakini alikuwa akisinzia, na safari hii alisinzia juma la mbalamwezi, jambo ambalo halikuwa desturi. Baba mtu alikuja na shati lake safi, mkononi ameshika kofia. Alikuwa na mtumbwi mmoja, na juu ya mtumbwi huo deni. Tukamtolea hotuba. Tukamwambia kwamba ziwa linachoka, na kwamba wazazi wake walijua kulipumzisha, bali yeye hutoka hata wakati wa mwezi, tena na mtoto wa shule. Alitusikiliza kwa adabu mpaka tukamaliza. Kisha akasema, “Mwalimu, niwie radhi, nina neno la kuuliza. Mwezi ukipevuka, mshahara wako nao husimama?”

Tukanyamaza. Naye, pengine kwa kutuonea huruma, akaendelea: “Baba yangu alikaa ufukoni kwa kuwa taa yake ilishindwa. Nilipompa habari ya hizi taa mpya, kabla hajafariki, aliniambia, kopa ununue mbili.”

Kengele ya kipindi ilituokoa. Lakini tulirudi nyumbani na maneno yale, na tangu siku hiyo hatujaitoa tena insha ya hekima ya wahenga kwa moyo uleule.

Jibu la kwanza lililotujia lilikuwa la kujitetea: kwamba neno halikosi kuwa kweli kwa kuwa msemaji analipwa mshahara. Ni sawa. Tabibu mnene akikuambia upunguze mafuta, mafuta hayakuwa dawa kwa sababu ya tumbo lake. Hata hivyo mzee yule hakusema kwamba tumesema uongo. Aliuliza nani analipa. Na tulipolitazama swali lake kwa upande huo, tuliona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu miaka yote na hatukuliona, kwa sababu tulikuwa tukilitafuta mahali pasipo pake.

Tuliutafuta wema ndani ya mtumbwi, ilhali ulikuwa dukani. Katika siku za mbalamwezi, mwenye duka wa mtaani aliwakopesha wavuvi unga, chumvi na sabuni, akaandika katika daftari lake, akangoja giza. Mwenye kudai deni la wavu hakudai juma hilo. Ilikuwa aibu kumdai mvuvi usiku mweupe. Mwenye shamba la mihogo kule juu aliteremka na mzigo, akapewa ahadi ya ndagala wa juma lijalo. Na sisi walimu, tukumbuke pia, tulikuwa tukimkopesha mzazi ada ya daftari. Mwezi uliwazuia wavuvi, lakini mwezi haukuwalisha. Waliolishwa walilishwa na watu, na watu hao wangeweza kukataa. Hao ndio waliokuwa na la kuacha na la kutenda.

Tunakiri kwamba Kant angetuuliza tena juu ya mwenye duka wetu, kwamba huenda alikopesha ili asimpoteze mteja. Huenda. Daftari la mikopo si kitabu cha dua. Lakini sisi hatuamini kwamba hapana budi moyo uwe safi kabisa ndipo desturi iwe njema. Desturi ile ilimwezesha mtu dhaifu kukaa ufukoni juma zima bila ya kuona watoto wake wakilala njaa, na bila ya kujiona mjinga. Neno hili la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana.

Maana mwezi ulikuwa na sifa moja ambayo sheria zetu chache zinayo: haukumpendelea mtu. Mwenye mitumbwi kumi na mwenye lusenga moja walivuta vyombo vyao mchangani usiku mmoja. Hakuna aliyekaa ufukoni huku akizitazama taa za jirani. Leo ni vinginevyo. Anayekaa anakaa kwa hiari yake, na hiari hiyo inamgharimu mara mbili, kwanza pato, na pili ule uchungu wa kujua kwamba samaki aliomwachia ziwa ameinuliwa na wavu wa mwingine. Ndiyo hali ya taa nazo. Mmoja akiongeza taa ya pili, huwavuta ndagala waliokuwa wakielekea kwa mwenzake. Mwenzake naye huongeza ya tatu. Na wote wakiwa na nne nne wamerudi palepale walipokuwa na moja moja, ila deni limekua. Kila mmoja wao ana akili timamu, na kila mmoja hufanya lile ambalo sisi tungefanya. Kumwita mtu wa namna hiyo mchoyo ni kutumia neno vibaya, na sisi kazi yetu ni maneno.

Na mwenye duka? Tulimwuliza. Alisema hakopeshi tena juma la mbalamwezi. “Nimkopeshe kwa nini, na wenzake wametoka?” Hivyo ndivyo taa mpya zilivyozima jambo ambalo halikuwa ndani ya maji. Hapo zamani kutovua kulikuwa ni hali ya watu wote, ikastahili msaada. Sasa ni uamuzi wa mtu mmoja, na kila mtu na uamuzi wake.

Serikali zimeona hatari, wala hatuzibezi. Nchi nne za ziwa, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulihifadhi mwaka 2003. Mwaka 2024 upande wa Tanzania uvuvi ulisimamishwa tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, kufuatana na mapatano ya nchi hizo. Huko Kivu, upande wa Rwanda, husimamishwa kwa miezi miwili hivi kila mwaka. Huu ni mwezi mpevu uliotengenezwa na watu, na katika hali ya sasa twaona kwamba ni wa lazima: kama uwezo wa kuvua hauna tena mpaka wa asili, hapana budi mpaka uwekwe. Lakini mwezi wa mbinguni ulikaa juma moja, huu unakaa robo ya mwaka, na daftari la duka limefungwa. Tajiri mwenye mitumbwi mingi atakula akiba, pengine atashukuru kupata nafasi ya kutengeneza injini. Kibarua anayelipwa kwa mgawo wa samaki wa usiku ule hana akiba wala injini. Kumwambia huyo ajizuie, bila ya mtu mwingine yeyote kujizuia na kitu chochote, ni kumtwisha mmoja wema wa watu wote.

Ndiyo maana sasa, wanafunzi wanapotuuliza kama kufunga ziwa ni haki, twawarudishia swali la yule mzee kwa namna nyingine: wakati ziwa limefungwa, ni nani katika mji huu ambaye sahani yake imepungua? Kama ni wavuvi peke yao, basi ziwa limehifadhiwa kwa njia isiyo ya haki, ingawa limehifadhiwa. Wengine husema kwamba samaki hawajali kama waliachwa kwa haki au kwa dhuluma. Ni kweli samaki hawajali. Lakini mtu aliyeonewa hatoi taarifa akiona kokoro likivutwa usiku, wala hamkatazi mwanawe kuvua kwa chandarua.

Juu yetu wenyewe hatuna la kujivunia. Tuliwahi kupendekeza katika chumba cha walimu kwamba kila mmoja atoe kiasi kidogo cha mshahara, kiwekwe kwa mwenye duka, ili daftari lifunguliwe tena kwa familia za wanafunzi wetu juma la mbalamwezi. Pendekezo lilisifiwa sana. Watatu walitoa mwezi wa kwanza, mmoja mwezi wa pili. Huyo mmoja hakuwa mwandishi wa makala hii.

Mwezi wa tatu ulipopevuka tulishuka ufukoni baada ya chakula cha usiku. Maji yalikuwa meupe hata milima ya Kongo ikaonekana. Mitumbwi mingi ilikuwa mchangani, na mbali tulihesabu taa saba. Mtumbwi wa mzee wetu haukuwapo. Asubuhi mkewe alikuwa sokoni mahali pake pa siku zote, na ndagala wabichi kidogo juu ya jani la mgomba. Tulinunua vipimo viwili, tukalipa, wala hatukuuliza walivuliwa lini. Tulipofika darasani tuliita majina. Jina la mwanawe lilipofikiwa aliitikiwa na jirani yake, maana yeye mwenyewe alikuwa ameulalia mkono. Tuliandika kwamba yupo, tukaendelea na kipindi kwa sauti ya chini.